Siku Tulipounganisha Laptopu kwenye Redio ya Mzee Mchome

Same,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mlangoni pa kibanda chetu, na upepo wa hapa umenisumbua mpaka nimeiwekea karatasi sumaku ya spika juu yake isiruke. Kifua chako kimepoa? Kaka Kaspari aliniandikia kwamba mvua za huko zilizidi na mashimo ya ngoro ya shamba la juu yakajaa maji. Maharage yalipona? Na hao wanunuzi wapya wa kahawa wanaokuja na magari yao wenyewe, wamefika mpaka kwenu, au bado mnapeleka chama cha ushirika? Sisi huku wazima. Neema amekuwa mrefu kunishinda, na Elia ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, sasa akisema "sisi" tunacheka nyumba nzima. Baba yao mwili una nguvu. Macho ndiyo yaleyale, na ndiyo ninayotaka kuyazungumzia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia nirudi Mbinga na watoto, kwa sababu mume wangu haoni na kibanda cha redio hakiwezi kusimama bila fundi. Sikukasirika, mama. Najua uliyasema kwa kunihurumia, na najua ulimpa Kaspari ayaandike huku unalia, maana mwandiko wake ulikuwa umeparaganyika. Lakini nisikufiche: sirudi. Nitakuja kuwasalimu baada ya mavuno, mimi na watoto na baba yao, halafu tutageuza. Sababu ni ndefu kidogo, ndiyo maana bahasha ni nene. Kaspari, msomee mama polepole, na ukikuta neno la kifundi usiliruke.

Daktari wa Moshi alituambia si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi tena. Matone aliyompa ni ya kulinda kile kilichobaki. Baba Neema anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na humo ndani pana ukungu. Kulehemu hawezi. Mara mbili alijiunguza vidole, mara ya tatu akaunguza redio ya mtu, na siku ile aliweka vifaa chini, hakugusa chakula mpaka kikapoa.

Tangu hapo mimi ndiye mikono. Yeye anakaa kwenye benchi, anaisikiliza redio ya mteja, ananiambia, "Mama Neema, fungua, tazama kapasita karibu na transfoma, kuna iliyovimba?" Natazama, namwambia, natoa, naweka nyingine. Wewe unanijua, nilishaizoea kazi ya vidole tangu nilipokuwa nikisafisha nyuzi kwenye mashine za brashi za mkonge kule shambani, kabla hawajatufungia. Lakini watu hawakutaka kuniona nikishika redio zao. Mtu anafika, ananikuta nimeinama na pasi ya kulehemu mkononi, anauliza, "Fundi yupo?" Nikimwambia mimi hapa, anacheka, anasema atarudi. Na redio zenyewe zimepungua. Unakumbuka enzi zile za foleni, redio ilikuwa inafunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, ikiharibika mtu anaibeba kutoka Makanya mpaka hapa. Siku hizi maduka yamejaa vitu vya kila rangi, redio nyepesi kama kikapu, ikinyamaza mtu anaitupa. Kwa hiyo usidhani nilipuuza maneno yako. Kuna wiki mwenyewe niliyawaza kabla hujayaandika.

Sasa Jumamosi moja akaja dada mmoja anaitwa Namkunda, anafanya kazi ofisini Dar es Salaam. Ni binti wa Mzee Mchome, mzee ambaye kwao ni Myamba, kule juu milimani, lakini miguu ilipomshinda kupanda vilima akahamia hapa Same. Huyu mzee alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Nyimbo alizitunga mwenyewe kwa Chasu, lugha ya Wapare, na hakuandika hata moja. Alizifundisha kwa mdomo.

Namkunda hakumtaka mume wangu peke yake wala mimi peke yangu. Alisema, "Nimeambiwa hapa kuna fundi anayesikia kuliko wengine. Naomba mje nyumbani kesho baada ya ibada. Wazee wanashuka kutoka Myamba, na mimi nimeshindwa."

Tukaenda. Mama, sebule ya Mzee Mchome imejaa redio. Si redio ya kubeba. Ni ile mitambo ya zamani ya kupangwa kabatini, ampilifaya peke yake, sahani ya santuri peke yake, na spika mbili za mbao zinazomfikia Elia kifuani. Mzee aliinunua alipokuwa mwajiriwa wa reli, na mpaka leo inang'aa. Mezani palikuwa na kompyuta ya kupakata, wenyewe wanaiita laptopu, inafunguka kama kitabu. Ya ofisini kwa Namkunda. Alikuwa ameazima kwa siku tatu, na Jumatatu alitakiwa kuirudisha nzima.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Myamba wamemaliza kujenga kanisa jipya, na kwaya ilitaka siku ya kulifungua iimbe wimbo mmoja wa mzee, mrefu, ambao hawajauimba miaka mingi. Sauti ya kwanza wanaikumbuka, ya pili pia, ya tatu kwa kusaidiana. Ya nne, besi, hakuna. Walioishika wote wamefariki, na mzee mwenyewe alipata kiharusi kidogo, maneno anayo lakini besi inamponyoka kila akiianza. Bahati ni kwamba zamani walipata kurekodiwa, kwa maikrofoni mbili, na kanda ikabaki. Namkunda aliipeleka kwa mtu Dar, akaihamishia ndani ya laptopu kabla haijaliwa na ukungu.

"Basi si mmeupata?" nikauliza.

"Sikiliza," akasema, akabonyeza.

Mama, sauti ikatoka kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Wanawake niliwasikia kwa mbali. Wanaume hakuna kabisa. Spika za laptopu ni ndogo kama kifungo cha koti, besi haiwezi kupita humo. Ndiyo maana walitaka kuiunganisha na mitambo ya mzee.

Binamu yake Namkunda alikuwa amejaribu. Alichukua waya akauchomeka kwenye tundu la santuri nyuma ya ampilifaya, na sauti ikatoka ikinguruma na kuchanika, mzee akaziba masikio. Baba Neema akaeleza palepale bila kuona chochote: "Tundu la santuri limezoea sauti dhaifu ya sindano, linaikuza mara nyingi. Ukilipelekea sauti iliyokwisha kukuzwa, ni sawa na kumpigia mtu kelele ndani ya sikio. Mama Neema, pembeni yake kuna tundu la duara lenye vitundu vitano?"

Lilikuwepo. Ni la mashine ya kanda. Hakuna duka la Same lenye waya wa kutoka tundu lile la kizamani kwenda kwenye tundu jembamba la laptopu, kwa hiyo nilitengeneza. Nilikata waya wa spika za masikioni zilizokufa upande mmoja, nikatoa plagi ya pini tano kwenye redio mbovu tuliyokuja nayo kwa ajili ya vipuri, nikalehemu: waya wa kushoto, waya wa kulia, na wa tatu wa kuunganisha mwili wa ampilifaya na wa laptopu. Wakati huo wazee walikuwa wameshaingia. Walishuka na lori la tangawizi, wanaume saba na wanawake watano, wakanukia tangawizi sebule nzima. Wakakaa kunitazama. Mmoja, Bibi Nakijwa, mwanamke mdogo kama kuku wa kienyeji, ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti ya kwanza, akauliza kwa Chasu jambo ambalo nililielewa vizuri: eti huyu mwanamke anajua anachofanya? Nikamjibu kwa Kiswahili, "Bibi, nikikosea nitakuwa wa kwanza kukimbia." Wakacheka, lakini si sana.

Nikachomeka upande wa ampilifaya. Kimya, safi. Nikachomeka upande wa laptopu. Ukaja mvumo, mama, mmmmmmm, kama mashine ya korona ya kuchakata mkonge ikiwa mbali. Namkunda akaanzisha wimbo. Wanawake wakasikika vizuri mno, lakini mvumo ulikuwa umekalia palepale chini, mahali pa besi. Wanaume walikuwa wamezama ndani yake.

Baba Neema akainamisha kichwa kama kawaida yake. Akasema, "Kapasita za ampilifaya zimekauka. Mitambo ya umri huu ndiyo ugonjwa wake. Ifunguliwe, zibadilishwe."

Mzee Mchome akauliza, "Unazo?"

"Hizo kubwa mpaka Moshi, labda Dar."

Namkunda akafumba macho. Kesho yake laptopu ilikuwa inaondoka. Mzee mmoja akainuka akachukua kofia yake, kana kwamba shughuli imekwisha.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti nyuma ya kabati. Nikawaza: nilipochomeka upande wa ampilifaya peke yake ilikuwa kimya. Kama ni yeye mgonjwa, angevuma muda wote. Nikagusa ukingo wa chuma wa laptopu kwa kidole, nikahisi kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi. Nikajua. Lakini mama, miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumpinga mume wangu juu ya redio, sembuse mbele ya watu. Ni kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakuna aliyemnyang'anya. Nilikaa pale chini, nikatamani mtu mwingine aseme.

"Baba Neema," nikaita, "si kapasita."

Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Si kapasita?"

"Si kapasita. Ampilifaya ni mzima. Mvumo unaletwa na laptopu, unapitia kwenye chaja yake. Umeme wa ukutani unaingia huku na kule, unakutana kwenye waya wangu."

"Umeona nini?"

"Sikuona. Nimegusa."

Nikamwuliza Namkunda kama ile laptopu ina betri yake ndani. Akasema inayo, ila imechoka, haifikishi saa moja. Nikamwambia, "Chomoa chaja ukutani." Akasita, akamtazama mume wangu. Baba Neema akasema, "Fanya anavyokwambia fundi."

Akachomoa.

Mvumo ukakatika kama bomba lililofungwa. Tulisikia kuku wa jirani. Halafu Namkunda akaurudisha wimbo mwanzo. Nikamwambia sauti ya laptopu aiweke robo tatu tu isichanike, kisha mimi nikapandisha taratibu kwenye ampilifaya.

Nisaidie nikuelezee, mama. Spika ya kushoto walisimama wanawake. Kweli walisimama, ungeweza kumwonyesha mtu kwa kidole, huyu yuko hapa, huyu nyuma yake. Upande wa kulia wanaume. Na chini yao wote besi ikaja, pana, taratibu, mpaka vikombe vikalia kabatini na mimi nikaihisi magotini kupitia sakafu. Bibi Nakijwa aliposikia sauti ya kwanza ikipanda, akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe akiwa msichana. Katikati ya ubeti wa pili mtu akakohoa ndani ya wimbo, wazee wote wakageuka kumtazama mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, naye akasema, "Nilikuwa na homa siku ile, mliniambia nije hivyohivyo!" Tukacheka mpaka ikabidi wimbo uanze upya.

Mzee Mchome hakucheka. Alikuwa ameegemea spika ya kulia, sikio limegusa mbao, midomo inakwenda. Anawataja mmoja mmoja kwa majina.

Wakausikiliza mara tano. Wanaume waliotakiwa kujifunza besi walikuwa wanajaribu kuifuata, wanaipata, wanaipoteza. Mara ya sita, wimbo ndipo unapanda, laptopu ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Kimya kikaanguka ghafla, na wale wazee wakabaki midomo wazi.

Kwenye kile kimya besi ikaendelea.

Nilidhani ni spika. Alikuwa ni Baba Neema, kwenye kiti chake, macho amefumba, anaimba mm, mm, mm, bila maneno, maana yeye ni wa Ugweno, Upare wa kaskazini, na Chasu cha kusini humpiga chenga. Aliishika yote. Akashuka nayo pale inaposhuka, akasubiri pale inaposubiri, mpaka mwisho wa ubeti. Alipomaliza ndipo akagundua kwamba wote tunamsikiliza, akasema, "Samahani."

Mzee Mchome akasema, "Usiombe samahani. Rudia."

Akarudia. Wale wanaume wakasogeza viti vyao karibu, wakamzunguka. Akiwakatia kipande kidogo wanarudia, akisikia mmoja amepotea anamgeukia palepale: "Wewe wa kulia, umewahi." Hakuwaona nyuso, lakini alijua nani amekosea. Tukairudisha laptopu kwenye umeme wapumzike, wakaletewa makande na chai ya tangawizi, ilipopata nguvu tukachomoa tena chaja wakahakikisha. Hakuwa amekosea hata mahali pamoja.

Tukirudi nyumbani nimemshika mkono kwa sababu ya mitaro, sikujua atasema nini. Tulipita stendi, tukapita soko. Karibu na kwetu akaniuliza, "Kidole chako kilisikia nini hasa?"

"Sisimizi."

"Mimi miaka yangu yote sijawahi kuwaza kugusa," akasema. Halafu akacheka, mama, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tulipotoka kwa daktari. Akasema, "Umeniumbua mbele ya kwaya nzima." Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nikusamehe nini? Ningemfungulia mzee wa watu ampilifaya nzima."

Kuanzia wiki ile, kila Alhamisi lori la tangawizi likimaliza kushusha mzigo hapa Same linampakia Baba Neema mbele kwa dereva, linampandisha Myamba. Analala kwa Bibi Nakijwa, anawafundisha, kesho yake anarudi na ndizi, tangawizi na maneno mapya ya Chasu, mengine nadhani wamemfundisha kwa utani maana nikiyasema sokoni wanawake wanaangua kicheko. Na mimi nikibaki kibandani peke yangu kazi haisimami. Wale wazee wameeneza habari. Juzi alikuja dereva wa malori ya jasi kutoka Makanya na redio ya gari, akaniuliza mimi ndiye yule fundi wa kwaya. Nikasema ndiye. Akaiweka mezani akaondoka kwenda kunywa chai, hakukaa hata kunichunga. Kuna kijana wa Mwanga mwenye ukumbi wa kuonyesha video, naye ametaka nimtengenezee waya kama ule. Si kwamba tumetajirika. Wiki nyingine ni kavu kama tambarare ya hapa. Lakini tunakula, watoto wanasoma, na baba yao siku za Alhamisi anavaa shati lililopigwa pasi.

Jana lilifunguliwa kanisa. Tulipanda wote wanne. Mzee Mchome alibebwa kwenye kiti na wajukuu pale gari lilipogoma. Baridi ya kule ilinikumbusha nyumbani, ukungu mzito na migomba inadondosha maji, nikakuwaza wewe. Kwaya ilipopanga mistari, wanaume wa besi wakamshika Baba Neema wakamsimamisha katikati yao, amevaa joho jipya kama lao. Hakuna mitambo, hakuna umeme, midomo yao tu. Sauti ya nne ilipoingia, Elia aliyekuwa mapajani kwangu akanigusa shavu, akaniuliza kwa sauti kila mtu akasikia, "Mama, baba ni yupi hapo?" Nikamwambia asikilize. Akasikiliza kidogo, akanyoosha kidole.

Na hivyo ndivyo tunavyoishi, mama. Usinililie.

Nisalimie shangazi, mwambie mafuta ya mgongo aliyoniagiza nimeyapata. Mjomba aliyenileta huku nikiwa binti, mpe shikamoo yangu na mwambie shamba lile la mkonge sasa lina mwenye mali mpya na wameanza kuajiri vijana. Wifi yangu, mke wa Kaspari, namtakia ajifungue salama. Akipata wa kike msimpe jina langu, ni refu, watoto watamcheka shuleni. Jirani yetu mwenye kinu, na katekista, wote nawasalimu. Baba Neema anakuamkia. Amekaa hapa pembeni ananikumbusha nikuambie kwamba akija atakuimbia, na nimemwambia kwanza ajifunze wimbo mmoja wa kwetu, wa Kimatengo.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Skolastika
Fundi redio, Same